Mgongo wa Abdurremane

Bingwa wetu wa mieleka hajui kutulia, anatuchosha. Amekuwa golikipa wa timu ya bandari, amepiga makasia ya mashindano, na hata msibani, mkekani, anakunja mguu, anaukunjua, anaalisha vidole hadi vinalia, anainuka, anarudi. Mpinzani wake mkubwa alikuwa Abdurremane. Kwenye mieleka yetu, mgongo ukigusa mchanga umeshindwa, na bingwa alimwangusha chali kila walipokutana. Jana tulimzika Abdurremane. Bingwa aliingia kaburini kabla hajaitwa, akampokea, akamlaza kwa ubavu wa kulia, kisha akawa anamwekea udongo nyuma, anapapasa, anaongeza.

“Yatosha, kaka,” alisema Sadique, mdogo wa marehemu.

Bingwa hakuinua uso.

“Bado. Mgongo wake usiguse chini.”