Siku Niliyosema Ninachoka

Sweta la shule likilowa mvua lina harufu yake, kama kondoo aliyelala karibu na moshi. Juzi nilianika la mwanangu juu ya jiko, na harufu ilipopanda nikasikia tena uzito wa mdogo wangu Tusekile mgongoni. Mnaonisoma mnivumilie. Niliishia darasa la saba, na mengine huenda sikumbuki sawasawa.

Miguu ya Tusekile haikupata nguvu tangu kuzaliwa. Mimi nilikuwa darasa la tano, yeye la pili, na kila asubuhi nilimbeba kutoka kwetu Kisondela kupandisha mlima hadi shuleni, tope likining'ang'ania kandambili. Yeye huko juu hana habari. "Bodaboda, punguza mwendo," ananiambia sikioni, "abiria hana kofia." Nacheka mpaka karibu tuanguke wote.

Shule ikajenga darasa jipya. Kila mwanafunzi alitakiwa kupeleka mawe, na ya Tusekile aliyabeba mama kichwani, safari baada ya safari. Darasa lilipokwisha lilikuwa na ngazi nne ndefu, na humo ndimo wakahamishiwa wa darasa la pili. Nikawa nampandisha, namshusha kwenda chooni, nampandisha tena. Kengele inanikuta nje, nachapwa kwa kuchelewa somo langu.

Kwenye kikao cha wazazi mama akaomba ijengwe njia ya mteremko kando ya ngazi. Mvua ilikuwa kubwa, tukabanana humo humo darasani, Tusekile amepakatwa na mama, mimi nimesimama nyuma yao.

"Mama Atupele, kwani umezaa peke yako?" mzee mmoja akafoka, akimwita mama kwa jina langu. "Saruji iliyobaki ni ya choo cha watoto wazima."

"Wangu ni mzima," mama akajibu. "Iliyogoma ni miguu. Mlipopokea mawe yake mbona hamkuuliza?"

Wakaguna. Jirani yetu wa kuombana chumvi akasema mama anataka makuu. Mwalimu mkuu, mgeni kutoka mkoa mwingine, alikuwa akitazama daftari lake. Sitaki kumsingizia: madarasa yalijaa, watoto wengine walikaa chini, na saruji kweli ilikuwa kidogo. Lakini aliendelea kufunua kurasa.

Ndipo mwenyekiti wa kamati akaniona. "Gwe binti, si wewe unayembeba? Hebu sema kweli mbele ya wazazi. Huchoki?"

Nyumbani tulifundishwa kwamba mtoto hadanganyi mbele ya wakubwa. Nikasema, "Ninachoka."

"Mmesikia!" Akapiga meza. "Hata wa tumbo moja amechoka, sembuse mwalimu!"

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Ikapitishwa pale pale kwamba Tusekile akae nyumbani mpaka ipatikane nafasi ya shule maalumu. Mama akasimama aseme neno. Wakamwambia kikao kimefungwa.

Tulipotoka niliinama ili apande mgongoni. Hakupanda. "Wewe pumzika tu," aliniambia, akamkumbatia mama shingoni.

Nafasi haikupatikana. Mama alikwenda ofisi za Tukuyu mara nyingi, akarudi na "njoo wiki ijayo" zao. Tusekile alijifunzia kusoma kwenye madaftari yangu, na leo anashona nguo pale Bulyaga, mjini Tukuyu. Anajitegemea, sikatai. Ila angekuwa nani, hatutajua.

Miaka mingi nilijiambia bora ningedanganya. Huenda sasa najitetea tu, lakini naona kosa halikuwa katika kusema. Mama alikuwa akiomba mteremko kwa sababu hiyo hiyo, kwamba mimi mtoto nachoka. Wakachukua ushahidi wake wakamfungia nao mlango mwanawe, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nachoshwa na nini. Tusekile alikuwa mwepesi. Zilizonichosha ni zile ngazi.