Nilimunongonezea Espérance kwa somo ya kemia

Jamani, leo nimeharibisha kitu yenye ilikuwa imeisha kutengenezwa.

Espérance, rafiki yangu wa Fizi, kule Congo, iko mupya hapa kwa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Mwalimu alimuita kwa tablo asawazishe ekwesheni ya maji.

Akaandika polepole: 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Mwalimu anatokeaka Lilongwe, Swahili haisikiaki. Akamuuliza kwa Kingereza: sababu gani umeweka izi mbili?

Espérance akanyamaza, chaki mukononi.

Sasa munajua tabia yetu siye ba Congo. Mwenzetu akikwama kwa tablo, tunamunongonezea kwa Swahili. Mi nikazani amekwama. Hata sikuhesabu! Nikamurushia:

"Oksijeni ni kidogo, weka mbili na pale!"

Akaniangalia. Mi njo wa kwanza darasani, akaniamini. Akaweka mbili mbele ya O₂.

Oksijeni ine huku, mbili kule. Darasa yote ikacheka. Mwalimu akafuta yote, akamuambia aende kukaa.

(Mi nilikuwa naangalia meza tu.)

Tulipotoka nikamukimbilia inje. "Dada, unisamehe. Nilizani hauna jibu."

Hata hakukasirika, na ile njo inaniuma zaidi. Akasema tu:

"Jibu nilikuwa nayo. Nilikuwa natafuta Kingereza yake."

Bantu yangu, kesho nimuambie nini?

Juu ile kunyamaza yake naijua. Nilipofikaka hapa, na mi nilikuwa nanyamaza vile vile.