Mafundo ya Kilemba kwenye Pikipiki ya Mkunga

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo nacheka peke yangu, halafu nanyoosha mgongo. Sogea hapa. Najua una haraka, vijana mna haraka hata ya kwenda kukaa, lakini haya hayatakuchelewesha.

Ilikuwa Itigi, miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba imejaa minadani, na pikipiki zimeanza kuonekana mikononi mwa watu wa kawaida. Mimi nilikuwa msichana, ndiyo kwanza nimetoka kwa wazazi Sepuka, naishi kwa mjomba wangu Yohana aliyekuwa na kibanda cha ufundi karibu na stesheni. Alinichukua nimsaidie kupika. Mwaka haukuisha, nilikuwa nafungua injini. Usinicheke! Mikono hii unayoiona imekunjamana ilikuwa inaijua nati kwa kuigusa tu. Na majivuno niliyokuwa nayo, weee! Nilitembea na spana mfukoni hata kanisani.

Watu walisema sana. Msichana gani ananuka grisi, nani atamuoa huyu. Wateja wakifika wananiuliza, "Fundi yuko wapi?" na mimi nimesimama mbele yao, spana mkononi. Mjomba naye akaanza kuchoka na maneno.

Basi mkunga wa zahanati yetu, Mama Salome, akahamishiwa kijiji cha mbali huko Mpanda. Alitangulia na watoto, pikipiki yake akatuachia tuifunge vizuri na kuipakia kwenye treni ya mizigo. Kuiendesha alijua. Kuifungua na kuifunga hakujua, na huko aendako fundi hakuna. Mjomba akanitazama, akasema, "Hii ni yako peke yako. Ikifika ikawaka, spana hizi ni zako na kibanda ni chetu sote. Ikigoma, unarudi Sepuka ukalime, na sitaki kusikia kilio."

Nilifanya kazi siku mbili. Gurudumu la mbele, usukani, vioo, taa, vyote nikavitoa ili mzigo uwe mdogo na visivunjike njiani. Betri nikaifunga peke yake. Kila kitu nikakizungushia magunia. Nati na boliti zote nikazitia kwenye kopo moja la maziwa, nikafunika, nikaona nimemaliza. Tangi nikalijaza petroli mpaka juu, ili Mama Salome akiipokea aiwashe hapo hapo. Nilijiona nina huruma kweli kweli.

Stesheni alikuwepo Mzee Ntandu, mpakiaji wa siku nyingi, mtu mfupi mwenye kifua kama pipa. Nikamwamkia shikamoo. Akaitika huku ananusa.

"Marahaba. Petroli hiyo. Unataka kutuchoma?"

Akaniletea dumu, tukalikausha tangi. Nikadhani yamekwisha. Akaliokota kopo langu, akalitikisa karibu na sikio.

"Na hii nini?"

"Nati, babu. Zimo zote."

"Nani anajua ipi inakaa wapi?"

"Mimi najua." Nilisema kwa sauti, ili waliosimama karibu wasikie.

Akazimwaga juu ya gunia. Mimi nikafumba macho makusudi, nikawa naokota moja moja na kutaja: hii ya ekseli, hii ya usukani, hii ya taa. Sikukosea hata moja. Watu wakapiga makofi, na Mzee Ntandu alipiga kuliko wote. Halafu akamwita mama mmoja aliyekuwa akiuza mayai ya kuchemsha, Mama Mwanaidi, akamshikisha nati. "Mama, hii inakaa wapi?"

"Mimi tena? Mimi najua yai."

Mzee akanigeukia. "Mtu kama huyu ndiye anayekusubiri Mpanda. Au na wewe unasafiri ndani ya kopo?"

Mwanangu, watu waliangua kicheko mpaka wengine wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke. Jembe la Sepuka nililiona kabisa, limeegemea ukuta linanisubiri. Nikasema, machozi yakiwa karibu, "Babu, nifanyeje?"

Hakunicheka. Akaniambia treni haijafika, nifungue magunia, kila nati irudi kwenye tundu lake na kukazwa kwa vidole, kopo libaki tupu. "Usifunge mzigo kama vile ni wewe utakayeufungua," alisema, akaenda zake kupanga magunia ya alizeti.

Nikaanza. Nati zilirudi matunduni, lakini nikajiuliza, je, huyo mama atajua aanze na nini? Ndipo nikavua kilemba changu, kilemba kizuri cha kitenge alichonipa mama, nikakichana vipande. Gurudumu nikalifunga kipande chenye fundo moja, na pale linapokaa nikafunga kipande kingine chenye fundo moja. Usukani mafundo mawili, na mahali pake mawili. Hivyo hivyo mpaka sita. Nikasimama kichwa wazi mbele ya watu, nikamwita Mama Mwanaidi.

"Mama, weka beseni chini. Njoo unifungie pikipiki."

Alicheka, akakataa, akabembelezwa, akaja. Nikaishika mikono yangu nyuma isije ikamsaidia. Hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Akahesabu mafundo kwa kidole, akatafuta mwenzake, akafungua, akapachika, akakaza kwa spana za pikipiki yenyewe. Kwenye taa alikwama kidogo, nikaona nilifunga kipande changu vibaya, nikakirekebisha. Alipomaliza la sita akaipanda, akaupiga usukani kofi. "Jamani! Pikipiki nimeiunda mimi!" Vigelegele vilivyopigwa pale, hata msimamizi wa stesheni alitoka ofisini. Tukaifungua tena, tukaizungushia magunia, treni ikaibeba.

Wiki tatu kimya. Kila treni ikipiga honi, mimi mbio stesheni kuulizia barua. Kisha barua ikaja, mjomba akaisoma kwa sauti pale kibandani, wateja wakiwa wamekaa. Mama Salome ameandika: "Nilikaa chini nikahesabu mafundo mpaka sita. Nimeifunga mwenyewe, sijaomba mtu. Nilipotia petroli, kiki ya tatu ikawaka, nikalia. Mwambieni fundi wangu, mafundo yake siyafungui."

Fundi wangu! Nilitoka nje nikaruka kama ndama. Niliporudi, kaka mmoja alikuwa anasukuma pikipiki yake kuingia, akaniangalia, akauliza kama kawaida yao, "Fundi yuko wapi?" Mjomba hakuinua hata kichwa. Akanisukumia sanduku la spana kwa mguu, akasema, "Si huyo mbele yako?"

Basi mwanangu, ninachotaka ukishike ni hiki. Unachokijua usikiache kichwani mwako ukadhani kimefika kwa mwenzako. Ukifunga mzigo, ukimwelekeza mtu njia, ukimwachia mtu kazi, mfikirie yule atakayeipokea wewe ukiwa mbali, uifanye iwe rahisi kwake. Na ukitaka kujua kama umefaulu, mpe asiyejua aijaribu, na mikono yako iweke nyuma.

Mungu aibariki mikono yako. Kazi yako ifike salama hata mahali ambapo miguu yako haitafika, na siku watakapokuja wakiuliza fundi yuko wapi, uonyeshwe wewe.