Vifuniko Vitatu vya Baruti

Hoteli za Diani zikiwasha fataki, harufu ya baruti hunirudishia hasira ileile. Mama alikuwa amejifungua, na baba alimtakia supu ya paa. Gobore lilikuwa la mjomba. Baba alipima kifuniko kimoja cha baruti na risasi moja ndogo, ili paa aanguke akiwa hai, achinjwe. Mjomba akaongeza vifuniko viwili na risasi tatu.

"Shemeji, unawinda paa au tembo?"

"Wewe noa kisu chako."

Tulipomfikia, paa alishakufa. Kibudu hakiliki, kwa hiyo baba alimfukia palepale. Jioni mama alikunywa uji mtupu, na mjomba akakaa barazani kwetu, akiwasimulia wageni shabaha yake.