Tangi Lililojaa Zawadi

Mwaka ule nilifika mahali nikawa nauchukia mlio wa geti. Mgeni akigonga pale kwa shangazi, Tabata, nilitazama mikono yake kabla ya uso. Akiwa ameshika mkate au matunda, nilipumua. Akiwa ameshika mfuko wa plastiki uliojaa maji, nilitamani geti lisifunguke, kwa sababu ndani ya mfuko ule palikuwa na samaki, na samaki yule alikuwa anakuja kuishi kwangu bila mtu yeyote kuniuliza.

Tangi lenyewe aliliacha mpangaji wa chumba cha uani alipohama. Lilikuwa la kioo, urefu wake kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni, na pampu yake bado nzima. Nilikuwa nimemaliza chuo, nilisomea mipango miji, nikarudi kwa shangazi kusubiri majibu ya maombi ya kazi. Majibu hayakuja. Mtu wa kichwa kama changu akikosa kazi huwaza hata visivyowazika, kwa hiyo nilisoma habari za samaki kwenye simu mpaka nikaanza kuyaogopa maji. Nilijifunza kwamba samaki hula na kujisaidia humo humo anamovuta pumzi, na uchafu wake hugeuka sumu isiyoonekana. Kuna bakteria wazuri wanaoota polepole kwenye sponji ya chujio la pampu na kuila sumu ile, lakini nao wana kiasi chao. Ukizidisha samaki, bakteria wanazidiwa, na maji yanaweza kung'aa kama ya chupa huku yanaua.

Ndiyo maana niliwasha pampu nikaliacha tangi wiki kadhaa na maji matupu, nikitia chembe za chakula kidogo kidogo ili bakteria wapate kuota. Shangazi alivumilia mpaka akachoka.

"Baba," aliniambia, maana mimi ndiye niliyerithi jina la baba yake, "hivi wewe unafuga maji?"

Neno likatoka nje. Mama wa duka la jirani alikuja kwa makusudi kuyaona maji yanayofugwa, akayaangalia kwa makini, akauliza kama yanazaa.

Mwishowe nikaingiza samaki sita wadogo wenye mstari wa bluu ubavuni, kila mmoja hazidi ncha ya kidole. Waliogelea pamoja kama mtu mmoja, wakigeuka kwa pamoja, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke chuoni niliona kitu nilichokipanga kikienda kama nilivyokipanga. Sita walitosha. Niliapa kutoongeza.

Shangazi hakuona utoshelevu, aliona upungufu. Nyumbani kwake kitu kisichojaa ni aibu, iwe sufuria, kochi au kabati la vyombo. Wageni walikuwa wengi siku hizo kwa sababu dada, binti yake, alikuwa ameshachumbiwa, na tangi lilikaa sebuleni mkabala na mlango.

"Mtu akiingia anaona nini? Kioo na mawe," alilalamika mbele ya rafiki yake wa Sinza. Safari iliyofuata rafiki yule alikuja na mfuko. Samaki wanne wenye mikia mipana. Akafuata mpwa wa marehemu mume wa shangazi na wawili weusi. Akafuata jirani na mmoja wa kulamba kioo, eti anasafisha, kana kwamba yeye mwenyewe hajisaidii. Kila mara nilianza sentensi yangu, "Ahsante sana, ila nafasi..." na kila mara shangazi aliimalizia kwa kuupokea mfuko kwa mikono miwili.

"Zawadi hairudishwi mlangoni, baba. Umesoma, hilo hukufundishwa?"

Nilifundishwa. Nilifundishwa hata kwamba mtaa una kiwango cha watu unaoweza kuwabeba, na kwamba ukikipita, choo ndicho kinachoanza kusema. Lakini kila nilipofungua mdomo nilikuwa "msomi wa samaki", na sebule nzima ilicheka.

Kisha akaja mama mkwe wa dada, kutoka Boko. Namwita mkwe ingawa ndoa ilikuwa bado. Tulitandaza mkeka mpya, tukachoma ubani. Nikampa shikamoo, akaitikia vizuri, akatoa mfuko mkubwa kuliko yote niliyowahi kuona. Ndani walikuwamo samaki watatu wa rangi ya dhahabu, wanene, kila mmoja kama kiganja cha mtoto.

"Nimesikia mwanangu hapa anapenda samaki."

Niliwajua wale. Ni samaki wa maji ya baridi, hawataki hata joto la maji tunayofugia hawa wengine. Wanakua, wanachafua kama bata, na wanakula chochote kinachoingia mdomoni. Samaki wangu wa mstari wa bluu wanaingia mdomoni.

"Ahsante mama," nikasema, "ila tangi..."

Shangazi alinikanyaga mguu. Baadaye jikoni akanigeukia na kitambaa cha vyombo mkononi.

"Unataka kunivunjia ndoa ya mtoto kwa ajili ya samaki?"

"Shangazi, nafasi imekwisha."

"Nafasi haiishi. Sie tulizaliwa tisa, tumelala chumba kimoja. Nani kafa?"

"Lakini mlikuwa mnatoka nje kujisaidia."

Alinichapa na kile kitambaa, ila niliona bega lake likitikisika kwa kicheko. Alipogeuka tena hakuwa anacheka. "Na hao watatu wa mkwe wasife kabla ya ndoa. Unasikia? Wakifa, watu watasema nini?"

Nilisikia, na ndipo hasira yangu ilipoanza kuwa hasira kweli. Waliokuwa wamejaza tangi hawakubadilisha maji hata siku moja. Mimi ndiye niliyekinga maji ya bomba kwenye ndoo jioni ili dawa yake itoke, asubuhi nikanyonya ya zamani kwa mpira mpaka mdomo ukanuka matope, ndipo nikayamimina mapya. Wao walitupia mkate. Mtu mmoja, mtu mzima, mwenye heshima zake, alitupia ugali. Nikisema mnawachafulia maji, najibiwa wana njaa, huwaoni wanavyopanda juu? Walipanda juu kwa sababu chini hakukuwa na hewa. Walitoa midomo juu ya maji wakihema, na wageni wakaita watoto, "Njooni muone, wanatusalimia!"

Wale sita wakawa watano, kisha wanne. Sikuona mzoga. Nililala nikiwaza jinsi ya kumwambia mama mkwe kwamba zawadi yake inakula samaki wangu, nikatunga sentensi, nikazipima, nikaziogopa. Nikawaza kwamba nikisema, ndoa itaingia doa. Nikawaza kwamba nisiposema, wa dhahabu watakufa kwa sumu yao wenyewe, na doa litaingia vilevile. Kila njia ilifika pale pale, na katika kila njia mkosaji alikuwa mimi.

Jumapili moja mchana mama mkwe alikuja tena kwa mambo ya sherehe. Tumekaa, soda zimefunguliwa, umeme ukakatika. Feni ikasimama. Pampu ikasimama. Samaki sita hukaa saa nyingi bila pampu, nilishawapima kwa hofu zangu. Lakini lile lilikuwa tangi la watu wote. Haikupita muda, midomo ikaanza kutokea juu, ya wadogo na ya wakubwa, yote pamoja.

Mama mkwe akafurahi, akainamia kioo. "Jamani! Ona wanavyonisalimia. Wananikumbuka."

"Hawakusalimii, mama," nikasema. "Wanakufa."

Kulitamka neno lile mbele ya wakwe, harusi iko mlangoni! Shangazi aliweka chupa yake mezani taratibu.

"Maneno gani hayo, baba?"

"Ya kweli. Nimeyasema tangu mfuko wa kwanza na hakuna aliyetaka kusikia. Wamezidi. Hewa hakuna. Mnacheka, wao wanakufa."

Dada ndiye aliyeinuka. Hakubishana na mtu, alikwenda jikoni akarudi na jagi. "Tunafanyaje?"

Nikamwonyesha: chota maji ya tangi, yamimine kutoka juu ili yaingie na hewa, chota tena. Akaanza. Mkono ulipomchoka, mama mkwe akakunja mikono ya gauni lake la kitenge, akaomba jagi. Sikutegemea. Alichota vizuri, kwa mwendo wa mtu aliyewahi kuifanya kazi hiyo, na akiwa anamimina akaanza kusema kama mtu anayeosha vyombo.

"Mbona hata kwangu wanafanyaga hivi hivi umeme ukikata. Ndo maana niliwatoa wale watatu."

"Uliwatoa?" nikauliza.

"Eeh, mwanangu. Walishazidi kule. Walikuwa wanamaliza wenzao. Nikasema ngoja niwapeleke kwa wenye nafasi."

Usiku wote ule niliokosa usingizi nikilinda zawadi isife! Nilitaka kucheka na nilitaka kuvunja kitu. Kabla sijaamua, nilimwona shangazi. Alikuwa ameinua kidevu.

"Walishazidi," alisema polepole.

"Walinishinda, mkwe wangu, nakwambia ukweli."

"Kumbe." Kisha akatabasamu lile tabasamu lake la wageni, akasukuma sahani ya sambusa. "Karibu, mkwe, pumzika. Mpe mwingine jagi."

Tulipokezana mpaka feni iliposhtuka na pampu ikaanza kuguruma. Hakufa hata mmoja mchana ule. Mama mkwe aliondoka akiwa ameloa mpaka viwiko, amefurahi. Geti lilipofungwa tu, shangazi akanigeukia.

"Watoe."

"Wa mkwe?"

"Wote waliokuja na mfuko. Mie naletewa mabaki, nayapokea kwa mikono miwili!"

Niliwapeleka kwa ndoo kwa muuza miche ya maua, mwenye karo kubwa la zege lenye mayungiyungi, ambaye hutaka samaki wa kula viluwiluwi vya mbu. Nilimuuliza wamo wangapi tayari, maji hubadilishwa lini, jua la mchana linalipiga karo upande gani. Alinitazama sana. "Kaka, kwani unawaoza hao samaki?" Nilitazama kina cha maji kwanza, ndipo nikawamimina.

Wanne wangu wamebaki. Wanageuka pamoja, na maji hayanuki. Ningependa kusema nimeridhika, lakini sijaridhika, na nitaeleza kwa nini. Wiki iliyofuata rafiki wa Sinza aligonga geti akiwa na mfuko wa maji mkononi. Nilikuwa bado natafuta sentensi ya adabu. Shangazi alimkuta pale pale getini, akamshika mkono kwa mapenzi.

"Shoga, samaki hapana. Wakizidi wanakufa, hata mkwe wangu kasema. Wewe ukija kwangu njoo na sukari."

Yule mama akaitikia kwa kichwa, akaelewa papo hapo, bila swali hata moja. Hata mkwe wangu kasema! Niliingia ndani nikakaa mbele ya tangi na hasira zangu, na shangazi akapita nyuma yangu, akasimama kidogo.

"Wanapendeza wakiwa wachache," alisema, kana kwamba amelifikiria mwenyewe.