Nilivyotafsiri Neno "Left" Pale Rusizi

Mwanangu, nisikilize na usinikatize, maana leo nimekasirika. Nimeambiwa kwamba juzi, pale mpakani Rusizi ya Kwanza, uliwatafsiria watu maneno ambayo wewe mwenyewe hukuyaelewa, kwa kuwa uliona aibu kuuliza. Aibu hiyo naijua. Siku iliponiponza naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu.

Ilikuwa wakati wa vita vya kwanza vya Congo. Watu walivuka daraja kutoka Bukavu kwa maelfu, wengi wamepotezana na watoto wao njiani. Mimi nilikuwa kijana aliyekulia Bukavu, nimerudi Rwanda na Kifaransa cha shule na kamusi ya Kiingereza isiyo na jalada. Kamusi ile ilikata kila neno kwa vistari, silabi moja moja, nami nilizikariri kama sala: in-ter-pre-ter. Nilijua hata neno refu likatwe wapi likifika mwisho wa mstari. Basi nikajiona nimekimaliza Kiingereza, nikaomba kazi ya ukalimani kwenye mahema ya kupokea watu. Nikapewa.

Asubuhi moja akaja mama mwenye asili ya Nyakarenzo, upande huu wa Rwanda, Maman Furaha, aliyevuka kutoka Bukavu, anatafuta watoto wake wawili: Furaha na mdogo wake Eliya. Nikamweleza nesi mzungu. Nesi akaingia kwenye hema la watoto waliopotea, akatoka, akasema haraka, "Two left," kisha akaitwa kwa mgonjwa.

Left ni silabi moja, haina pa kukatwa. Nilijua inatoka kwenye leave, kuondoka. Sikujua kwamba hiyohiyo humaanisha pia kubaki. Nesi alimaanisha kwamba watoto wengine wamechukuliwa, wamebaki wawili, mama aingie awatazame. Nilisita, kwa sababu uso wa nesi haukuwa wa mtu anayetoa habari mbaya. Ningeweza kumfuata nikamuuliza. Badala yake nikamwambia Maman Furaha kwamba wawili wale wameondoka. Aliponiuliza wameenda wapi, nikaongeza la kwangu, nisionekane mjinga: labda wamerudi Bukavu.

Akageuka palepale, akavuka daraja kurudi kwenye risasi.

Watoto walikuwa ndani ya hema, hatua thelathini kutoka pale aliposimama. Tuligundua kesho yake, Furaha alipomtajia Maman Consolata, mama mzee aliyewapikia uji, jina la mama yake. Tukatuma ujumbe kwa kila mtu aliyevuka kwenda ng'ambo. Haukumfikia. Alirudi mwenyewe baada ya siku kumi na moja, miguu imevimba. Eliya alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa kuhara. Tulikuwa tumemzika juzi yake.

Maman Furaha hakunipiga, hakunitukana. Alimshika mkono binti yake akaenda kuonyeshwa kaburi. Aliyesema ni Maman Consolata, mbele ya watu wote:

"Wewe unajua kukata maneno ya bazungu vipande vipande. Kusema 'sijui' ndiyo ilikushinda? Muntu anakuuliza batoto yake, unamupa 'labda' yako?"

Hasira unayoiona usoni mwangu si juu yako peke yako, nyingi ni juu ya kijana yule niliyekuwa.

Kwa hiyo shika haya. Neno usilolielewa, uliza, hata kama foleni nzima inakutazama. Ukishauliza, rudia ulichosikia mpaka mwenye neno akubali. Usiongeze la kwako hata kidogo. Na usijivunie kutamka. Wanaokusikiliza hawakuja kusikia matamshi yako, wamekuja kutafuta watu wao. Kama hayo ni mazito, acha kazi hiyo kesho, uende ukalime Butare na baba yako, ndugu yangu, hakuna atakayekucheka.

Bado sijatulia, lakini sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akulinde, mwanangu, na akupe moyo wa kuonekana mjinga mbele ya watu.