Mwongozaji Asiyeonja Pombe

Pombe haijawahi kugusa ulimi wa mwongozaji wa filamu, na asiyelijua hilo katika mji mzima wa Phagwara basi kahamia jana. Harusini huinua bilauri yake ya mtindi juu kabisa, watu waione. Filamu yake inamhusu marehemu baba yake, mlevi aliyeitesa nyumba hii, na anasema italitibu jimbo lote la Punjab. Anairekodi humu humu sebuleni, huku mama yake, Gurmej Kaur, akiwapikia watu wa filamu chapati za mahindi. Vidole vya mwongozaji havitulii: mambo yasipokwenda atakavyo, hugonga meza, tak, tak, tak. Na jana hayakwenda. Mwigizaji aliyeigiza kama mama alishindwa kulia kwa mara ya sita.

“We mwanamke ni gogo?” mwongozaji alifoka, akaipiga meza kwa kiganja hadi chai iliyojifanya wiski ya filamu ikamwagika. “Nani alikuleta nyumbani kwangu?”

Gurmej aliiacha chapati ikiungua. Alikuja kimya, akaondoa sahani mezani moja moja, kisha akafunga dirisha la upande wa majirani.

Mwongozaji alilengwalengwa na machozi. “Hivyo hivyo, Mama! Ndivyo ulivyokuwa ukifanya enzi za baba! Tarlok, umeinasa?”

“Kamera ilikuwa imezimwa, kaka,” alijibu mpiga picha.

“Basi rudia, Mama.”

“Nirudie nini, mwanangu?” aliuliza Gurmej, na kweli hakujua.

Vidole vikaanza tena juu ya meza, tak, tak, tak, naye Gurmej akaenda kufunga dirisha la pili.